Tulipanga wawili, sasa tunakwenda York wanne

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Barking, mashariki mwa London. Nimejifungia bafuni, maana nyumba yetu ni ya vyumba viwili na sasa hivi hakuna pengine ninapoweza kukaa peke yangu nikaandika.

Mimi na mume wangu sote watu wa Tanga. Yeye ni dereva wa basi, mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Tunaishi kwa kupishana mlangoni, yeye anavaa viatu, mimi navua. Tangu tuoane hatujawahi kwenda mahali tukalala huko tukiwa wawili. Hata fungate tuliila nyumbani kwao Chumbageni, wageni wamejaa mpaka barazani, na asubuhi ya kwanza niliamshwa na shangazi zake wakibishana habari ya samli nje ya dirisha letu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaniambia, "Mwezi wa nne nakupeleka York. Jumamosi tunakwenda, tunalala, Jumapili tunarudi. Mimi na wewe." Akakata ile kadi ya punguzo ya treni ya watu wawili. Akanipiga picha ya kadi ukutani pale jikoni, nami nikampiga yake, tukacheka kama watoto wa shule. Akanunua tiketi mbili, akaweka chumba cha watu wawili. Nami nikaanza kuingoja hiyo Jumamosi.

Mama mkwe yuko kwetu. Alikuja Desemba kwa viza ya matembezi na anarudi mwisho wa mwezi wa nne. Tulikubaliana atabaki na mjukuu wake usiku ule mmoja, na rafiki yangu wa East Ham aje kulala nao. Mama mwenyewe alisema, "Nendeni wanangu, mkapumue." Shangazi, nisije nikaeleweka vibaya: sijapata kuona mama mkwe kama huyu. Nikirudi zamu asubuhi nakuta uji wa moto umefunikwa. Mtoto kamfundisha kuamkia watu mpaka Wazungu wa kliniki anawaamkia. Matembezi yake yeye ni Green Street, kununua bamia na samaki, basi. Ndiyo maana naandika kwa woga.

Wiki mbili zilizopita mume wangu kaingia anachekelea. Kamkatia mama naye tiketi. Anasema mama ataondoka Uingereza hajaona kitu isipokuwa Green Street na kliniki ya mtoto. Na kwa kuwa mama anakwenda, mtoto naye anakwenda, kwani chini ya miaka mitano halipi nauli. Halafu akanionyesha hoteli kwenye simu: kile chumba chetu kakibadilisha, kachukua chumba kimoja cha familia. Kitanda kimoja kikubwa, na kochi linalokunjuliwa likawa kitanda. "Tumeokoa pesa," anasema.

Chumba kimoja, Shangazi! Mimi, mume wangu, mtoto na mama mkwe. Nilale nimevaa nini? Mama akiamka alfajiri kuswali, anikute nimelala na mwanawe mbele ya macho yake?

Nilimwambia kwa upole kwamba nilidhani ni safari yetu. Akajibu, "Kwani mama anakuzuia nini?" Nikanyamaza. Akaongeza, "Au humtaki mama yangu?" Hapo ulimi ukaniganda. Sasa wifi yangu aliyeko Muscat ameshaweka kwenye kundi la familia: "Mashaallah, mama anakwenda York na kaka," na ndugu wote wamemwaga maua na makofi. Mama ameanza kuniuliza kama kule kuna baridi, nimtafutie soksi nzito.

Nifanyeje? Ninyamaze niende hivyo hivyo? Rafiki yangu anasema nijifanye nimeitwa zamu ya dharura, waende wao. Au nimweleze mama mwenyewe, maana ni mwelewa? Tiketi zenyewe ni zile za bei nafuu, pesa hairudi. Hoteli inaruhusu kubadilisha mpaka siku moja kabla. Safari imebakiza wiki tatu.

Mke wa Barking

*

Marahaba, mwanangu. Toka huko bafuni, ukae vizuri tuzungumze.

Nianze na chumba, mengine yatangoja. Chumba hicho kibadilishwe leo, mama akienda asiende. Hili halina mjadala wala halihitaji kikao. Mumeo hajafanya kwa ubaya. Kahesabu vitanda, hakuhesabu watu. Hata kwetu, katika nyumba ambazo chumba ni kimoja na watoto wako sita, mwana akileta mke mama hujua pa kuhamia, na kama hapana pa kuhamia hutundikwa pazia na watu hujifunza kukohoa kabla ya kuingia. Hotelini York hakuna pazia. Na usifikiri mwenye kuona haya ni wewe tu. Mama huyo usiku kucha atalala kajifunika kanga kichwa, uso ukutani, na choo atakibana mpaka alfajiri asije akapita mbele ya kitanda chenu. Asubuhi atasema amelala vizuri sana, alhamdulillahi.

Kwa hiyo jambo la chumba usilipeleke kwa mumeo kama malalamiko yako. Lipeleke kama jambo la mama, kwa sababu kweli ni la mama. Subiri awe ameshalala, ameoga, amekula, na mama yuko kwenye sala au na mtoto. Usimwandikie kwenye simu. Mwite kwa jina unalomwita mkiwa na furaha, halafu sema hivi: "Mama nampenda, na nafurahi unataka kumtembeza. Ila chumba kimoja siwezi, na yeye hawezi, tofauti ni kwamba yeye hatasema. Tubadilishe leo, halafu tukae tuone namna ya kumtembeza mama vizuri zaidi kuliko hivi." Akirudia lile neno lake la "humtaki mama yangu", mwambie asiyemtaka mama asingehangaika alale wapi. Usiseme zaidi ya hapo. Mwache aingie zamu akafikirie barabarani.

Ushauri wa rafiki yako wa zamu ya dharura utupe. Mumeo anaijua ratiba yako, na uongo wa namna hiyo hugunduliwa siku ya mshahara. Lakini kuna na jambo la treni lenyewe, ambalo rafiki yako halijui. Ile kadi mliyopigiana picha jikoni ni ya watu wawili waliotajwa, wasafiri pamoja. Inawapunguzia theluthi ya nauli kwa sharti hilo. Wewe usipopanda, tiketi ya mumeo aliyoinunua kwa punguzo hilo haina nguvu, na mkaguzi akipita kati ya Peterborough na Grantham akaona sura mbili kwenye kadi na mtu mmoja kwenye kiti, atamtoza. Unaona basi: hata shirika la reli linajua safari hii ilikuwa ya nani.

Na mama usimweleze wewe. Kweli ni mwelewa, lakini mkazamwana akimwambia mama mkwe "naomba usije", hata kwa maneno ya asali, neno hilo litasafiri mpaka Muscat na kurudi limeota pembe. Hilo ni la mwanawe.

Sasa tumgeukie mumeo, na hapa nitamtetea kidogo. Mama amekaa kwenu tangu Desemba, baridi yote ile, anapika na kulea. Mwisho wa mwezi wa nne anaondoka, na kwa umri wa wazazi wetu mtu hajui kama kutakuwa na viza nyingine. Mwanamume anayeona uchungu mama yake kurudi Tanga akiwa na habari za Green Street tu ni mwanamume mwenye moyo. Usimpunguzie hilo. Kosa lake ni kwamba alikuwa na madeni mawili, moja kwako na moja kwa mama, akataka kuyalipa yote kwa noti moja. Hapo kila mdai anapata nusu na bado anatakiwa aseme ahsante.

Ninachokushauri ni hiki: safari ya mama isifutwe, isogezwe.

Na bahati nzuri tiketi ndivyo inavyotaka. Hizi za bei nafuu zinazonunuliwa mapema, zinazofungwa na treni moja tu ya saa iliyoandikwa, pesa yake hairudi, hilo umesema kweli. Lakini tarehe na saa hubadilishwa, mradi mfanye kabla treni iliyoandikwa haijaondoka na safari iwe ileile ya kutoka London kwenda York. Mtalipa tofauti ya nauli kama siku mpya ni ghali zaidi, pengine na ada ndogo. Mama yeye alikatiwa baadaye, nje ya kadi yenu, kwa hiyo tiketi yake inasimama peke yake na kuigusa hakuwaharibii ninyi. Mumeo aipeleke kwenye siku yake ya mapumziko, katikati ya wiki, kabla mama hajaondoka, aende naye yeye mwenyewe. Mama na mwanawe. Waondoke kituo cha King's Cross, London, msongamano wa asubuhi ukishapita, ambapo nauli nayo hushuka. Treni ya moja kwa moja ni kama saa mbili tu, jioni wamesharudi na hakuna hoteli ya kulipia. Siku hiyo mumeo atajikatia tiketi bila punguzo, kwa kuwa sura ya pili kwenye kadi ni yako, si ya mama. Ila mama kama amefika miaka 60, ipo kadi ya wazee nayo ya kupunguza theluthi. Waende na pasipoti yake dirishani wakaulize. Na tiketi ikishabadilishwa ya zamani isitumike tena, mtu asije akachanganya karatasi.

Wifi naye ataandikiwa ukweli: "Mama amepewa siku yake peke yake na kaka." Hayo ni maua zaidi, si pungufu.

Mama aulizwe vipi? Hapa ndipo watoto wengi wanapokosea. Mzazi wa kwetu ukimuuliza "Mama, utakwenda?" hasemi hapana, kwa sababu anasikia mwanawe ameshalipa. Akisema ndiyo hujui kama ametaka au amekusitiri. Na mama huyu alishasema mwanzoni kabisa, "Nendeni mkapumue." Hilo ndilo neno lake la hiari, la soksi limekuja baada ya tiketi. Basi mumeo ampe njia mbili, zote nzuri: "Mama, unapenda twende Jumamosi sote, tulale huko, au twende mimi na wewe tu siku ya katikati ya wiki, turudi jioni?" Kisha anyamaze, asimsaidie kujibu. Naweka rehani kanga yangu mpya kwamba atachagua ya pili. Mama gani atakataa siku nzima na mwanawe wa kiume asiyekuwa na basi la kuendesha?

Na York inamfaa mama kuliko mnavyodhani, mradi asipelekwe mahali pa vijana. Asipandishwe kwenye ukuta wa mji, nitaueleza mbele. Mumeo ampeleke kwanza kwenye makumbusho ya taifa ya reli, National Railway Museum. Iko jirani kabisa na kituo, kuingia ni bure, sakafu ni sawa, mahali pa kukaa papo na choo kipo. Mama wa Tanga kwenye makumbusho ya treni! Reli ya kwao ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyojua: Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Mtu aliyekulia karibu na kituo kile ana hadithi zake za treni, na huenda mwanawe hajawahi kuzisikia kwa sababu hajawahi kukaa naye mbele ya injini akamuuliza. Pale ataona Mallard, ile injini ya mvuke ya buluu iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, na rekodi hiyo ya mvuke haijavunjwa. Ipo pia treni ya mwendo kasi kutoka Japani, mtu anaingia ndani na kukaa kwenye viti. Saa mbili zitapita mama hajachoka.

Baada ya hapo, Yorkshire Museum, ndani ya bustani yenye magofu ya abasia ya St Mary's. Bustani ni bure, makumbusho yana kiingilio. Mwaka 1901 hapo mjini palichimbuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa katika karne ya 4, wakati wa Warumi. Alikuwa na bangili za pembe za ndovu, na nyingine za jeti, lile jiwe jeusi la pwani ya huko Yorkshire. Miaka ya karibuni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading walipima mifupa yake wakaona huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Alikuwa mtu wa mali, si mtumwa. Mama akiona bangili zile za pembe atakuwa na la kuwasimulia wenzake wa Chumbageni kwa mwaka mzima.

Wakati wa kuswali upo msikiti, mtaa wa Bull Lane, si katikati kabisa ya mji lakini teksi inafika upesi. Ni msikiti wenye sifa. Mwaka 2013 kundi la wapinga Uislamu lilitangaza kuja kuandamana mlangoni pake. Waumini wakawatolea waandamanaji chai na biskuti, wakazungumza, na mwisho wakacheza nao mpira. Mama mwenye kufunika uji wa mkazamwana ataupenda msikiti huo.

Chakula, angalieni. Samaki na chipsi za Yorkshire kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, si ya mimea kama mlivyozoea huko London. Samaki ni samaki, lakini mafuta yale hamjui kachinja nani. Muulizeni muuzaji kabla hajatumbukiza. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea, na swali hilo hawalishangai.

Haya, sasa ninyi wawili.

Jumamosi yenu ibaki Jumamosi yenu. Chumba kirudi kuwa cha watu wawili. Mama na mtoto wabaki Barking na rafiki yako wa East Ham kama mlivyopanga, namba za simu zibandikwe kwenye friji, na mama aonyeshwe kwa vitendo namna ya kupiga 999, namba ya dharura. Usiku ni mmoja tu, asiwepo wa kupiga simu ya video kila saa kuuliza mtoto kala nini. Kala alichopika bibi yake.

Kwa mtu wa zamu za usiku nasema hivi bila aibu: mkifika, laleni. Msiwe kama wale wanaoshuka na orodha ya vitu kumi na vinne, wanarudi London wamechoka kuliko walivyokwenda na wamegombana mbele ya kila mnara. Chagueni vitu viwili, vitatu, basi.

Kimoja kiwe ukuta. York imezungukwa na ukuta wa kale wa mawe, na juu yake pana njia ya kutembea, zaidi ya kilomita 3 ukijumlisha vipande vyote. Ngazi zake ni za mwinuko, nyembamba, na sehemu nyingine upande wa ndani hauna hata reli ya kushika, ndiyo maana nikasema si pa mama wala si pa kigari cha mtoto. Mwezi wa nne tuta la nje huwa bado lina maua ya manjano, yale marefu ya masika yao. Kipande kizuri kuliko vyote ni cha kutoka lango la Bootham Bar mpaka Monk Bar: upande mmoja bustani za watu, upande wa pili kanisa kuu, York Minster, limekaa kama linawatazama. Mahali pengi njia haitoshi watu wawili bega kwa bega, mmoja lazima atangulie. Tangulia wewe. Mvua ikinyesha mawe huteleza, vaeni raba si viatu vya picha. Na jioni hufungwa giza likianza.

Kanisa kuu lenyewe lilichukua zaidi ya miaka 250 kujengwa, kutoka mwaka 1220 mpaka 1472. Kiingilio si kidogo, kwa hiyo ingieni kama mna hamu ya kweli. Dirisha lake la mashariki, kazi ya fundi John Thornton, lilifanywa kati ya mwaka 1405 na 1408, na linakaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi, lote vioo vya rangi. Lakini mimi napenda zaidi lile la kaskazini, vioo vitano virefu vya kijivukijivu visivyo na makeke, ambavyo vimefanywa kumbukumbu ya wanawake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mkiona bei imezidi, zungukeni nje usiku taa zikiwa zimewashwa, hiyo haina tiketi.

Pale nje, upande wa kusini, kuna sanamu ya Kaisari Konstantino, kwa kuwa alitangazwa kuwa kaisari katika mji huo mwaka 306. Watu humpiga picha huyo. Mimi ningekusimulia habari ya mwingine, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo: Mwafrika aliyetawala Rumi. Alikuja Uingereza mwaka 208 kupigana vita, na hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, Julia Domna, na wanawe wawili wakubwa wasiopatana, Caracalla na Geta, akidhani safari itawaweka pamoja. Akafia York mwezi wa pili mwaka 211, akiwausia wapatane. Mwaka haukuisha, Caracalla alikwisha muua mdogo wake. Mweleze mumeo hiyo mkiwa mnakunywa chai, akikuuliza tena familia nzima ikisafiri pamoja ina ubaya gani.

Shambles, ule mtaa wa mabucha wa zamani ambao nyumba zake zimeinama mpaka paa karibu zigusane, nendeni Jumapili asubuhi na mapema. Kulabu za kutundikia nyama bado ziko kwenye kuta. Saa tano utakuwa unaona visogo vya watu tu. Na ile foleni ndefu ya mgahawa maarufu wa chai msiipange. Keki nzuri zipo mji mzima, huu ni mji wa viwanda vya peremende, hata KitKat ilizaliwa hapo miaka ya 1930.

Kuhusu treni, mambo mawili. Jumamosi treni za kwenda York hujaa makundi ya wasichana wanaomsherehekea mwenzao kabla ya harusi, na chupa zinafunguliwa kabla hamjatoka London. Kama viti vyenu haviko kwenye behewa la kimya, angalieni kama mnaweza kuvibadilisha. Na Jumapili reli za Uingereza hufanyiwa matengenezo mara kwa mara, mkajikuta mmeshushwa na kupandishwa basi. Nadhani kati ya vitu vyote, asichokitaka mumeo siku hiyo ni kukaa ndani ya basi. Akague wiki moja kabla, si asubuhi ya kurudi.

Picha za safari hiyo zisiende kwenye kundi la familia. Za mama na mwanawe ziende zote.

Na kama mama, baada ya kupewa njia mbili, atasema kweli anataka Jumamosi, sote pamoja? Basi mnakwenda wanne na unanuna kimoyomoyo kwa dakika tano, kisha imekwisha. Vyumba viwili, kimoja cha mama na mjukuu wake, visiwe vya mlango wa kupitana. Asubuhi ya Jumapili mumeo awapeleke mama na mtoto kwenye makumbusho ya reli, awaache pale mbele ya Mallard na kikombe cha chai, aje akuchukue mpande ukuta kwa saa moja. Halafu tarehe ya wawili itafutwe upya hapo hapo, na iandikwe kwenye ratiba zenu zote mbili kabla treni ya kurudi haijafika Doncaster. Kadi ile inaishi mwaka mzima.

Soksi nzito mnunulie mama hata hivyo. York mwezi wa nne bado kuna upepo.